“Ni uzee tu”: utani wa chini ya mwembe ulioishia hospitali

Kigwa, wilayani Uyui, mkoani Tabora, mvua za kwanza zikikaribia, karanga za mbegu humenywa kwa mkono. Ni kazi isiyotaka nguvu. Inataka vidole, mkeka, na watu wa kupiga nao soga. Ndiyo maana wanawake wanne waliokaa chini ya mwembe jioni moja ya Novemba walikuwa wamemenya karanga kidogo sana tangu adhuhuri, ila habari za kijiji walikuwa wameshazimaliza zote.

Majina yao hayana haja hapa, maana mazungumzo kama yao yapo kwenye mkeka wowote nchini. Waitwe kwa kazi zao. Kuna Fundi, anayeshona kwa cherehani ya miguu. Kuna Mwalimu wa shule ya msingi, anayehesabu miaka ya kustaafu. Kuna Mama Genge, anayeuza nyanya, dagaa na sabuni ya kipande. Na kuna Mtani, Mzaramo aliyeolewa Kigwa karibu miaka 30 iliyopita na ambaye hadi leo anaambiwa ni mgeni. Mdogo wao ana miaka 49, mkubwa 56.

Fundi ndiye aliyeanza. Alikuwa ameshika sindano, ameinyoosha mbele kama mtu anayemwonyesha mwenzake njia, uzi mkono wa pili, jicho moja amelifumba.

“Sindano za siku hizi hazina tundu,” akasema.

“Tundu lipo,” Mwalimu akajibu bila kuinua kichwa. “Mkono wako ndio umekuwa mfupi. Nenda kasimame kule barabarani, utaliona.”

“Cheka tu. Mjukuu wangu amenigeuza mtaji. Kila nikimwita anitungie uzi ananidai mia ya pipi. Wiki hii nimeshona gauni moja, faida yote imeishia mdomoni mwake.”

Mama Genge naye akaungama. Juzi usiku umeme ulikatika, akawasha tochi ya simu, akaanza kutafuta simu. Akainama uvunguni mwa kitanda, akafunua mito, akamfokea mumewe kwamba ameihamisha. Mume akamtazama muda mrefu, kisha akamuuliza, “Mama, hiyo tochi uliyoshika ni ya nani?”

Mwalimu hakusalimika. Mwezi wa saba, asubuhi ya baridi, wanafunzi wa darasa la sita wamevaa masweta na wengine wamejifunika kanga za mama zao, yeye alikuwa anajipepea kwa daftari na kuamuru madirisha yote yafunguliwe. “Mtoto mmoja akanyoosha mkono,” alisimulia, “akaniuliza, ‘Mwalimu, una homa?’ Nikamwambia, ‘Kaa chini, hili ni somo la sayansi.’”

“Na magoti je?” Fundi akauliza. “Ya kwangu ndiyo Mamlaka ya Hali ya Hewa. Yakiuma usiku, asubuhi wingu.”

Hapo Mtani akaona nafasi yake. “Hayo magoti yenu ya Kinyamwezi yalichakaa kabla hamjazaliwa. Babu zenu walibeba mizigo ya watu hadi Bagamoyo na kurudi. Nyinyi mmerithi maumivu tu, mshahara waliula wao.”

“Na nyinyi huko pwani mlikuwa mnafanya nini?” Fundi akamrudishia. “Mmekaa kivulini mnatungojea tufike na mizigo, mkisikia kengele ya msafara ndiyo mnakumbuka kuna kazi.”

Wakacheka hadi ungo wa karanga ukayumba.

Utani huo haukuzaliwa jana. Karne ya 19 njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita Kigwa. Richard Burton, aliyepita njia hiyo mwaka 1857 pamoja na John Speke, anaitaja Kigwa miongoni mwa vituo vya mwisho kabla ya Unyanyembe. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, kila mmoja na mzigo wa kilo 30 hivi kichwani au begani, kwa safari ya miezi. Njiani walihitaji maji, chakula, mahali pa kulala, na mtu wa kuwazika wakifa ugenini. Watu wa makabila waliyokutana nayo wakawa watani wao.

Mtani ana ruhusa ambayo ndugu hana. Anaweza kukwambia umenenepa, umekonda, una madeni, au mkeo amekushinda maneno, na huwezi kumkasirikia. Msibani anaweza kuigiza marehemu hadi wafiwa wacheke. Kwa hiyo utani una kazi yake: kupitisha neno gumu bila ugomvi.

Jioni ile chini ya mwembe, neno gumu lilipita kwa mlango huohuo, na nusura lipite bila kuonekana.

“Nyinyi zeekeni,” Mtani alisema huku akitupa ganda. “Mimi narudi nyuma. Nimekuwa msichana tena. Mwezi uliopita nimeona siku zangu, na mwezi huu tena. Mwambieni mzee wangu aanze kuandaa nepi.”

Fundi alicheka. Mwalimu alicheka, akasema huyo mtoto ataitwa Babu. Mama Genge hakucheka. Aliacha kumenya, akaanza kuhesabu kwa vidole.

“Ramadhani ya mwaka huu ulifunga siku ngapi?” akamuuliza.

“Zote. Kwani wewe hukuniona?”

“Hukuacha hata moja ya kuja kulipa?”

“Hata moja. Mwaka huu nimemaliza kama mwanaume.”

“Na ya mwaka jana?”

Mtani akafikiri. “Ya mwaka jana pia. Nakumbuka nilijisifu.”

“Basi damu ilikuwa imekatika kabla ya Ramadhani ya mwaka jana,” Mama Genge alisema polepole. “Ni zaidi ya mwaka na nusu sasa. Dada, hiyo siyo hedhi iliyorudi.”

Kicheko kikaisha. Kuku aliyekuwa akidokoa karanga hakufukuzwa na mtu.

Kwa nini hesabu ile ilikuwa sahihi

Mwanamke anahesabiwa kuwa amefikia ukomo wa hedhi akikaa miezi 12 mfululizo bila kuona damu, na hakuna sababu nyingine kama ujauzito, kunyonyesha au dawa za uzazi wa mpango. Wengi hufika hapo kati ya miaka 45 na 55. Miaka michache kabla ya hapo hedhi huyumba: inachelewa, inaruka mwezi, inakuja nzito au nyepesi. Hicho ni kipindi cha mpito, na joto la ghafla lililomfanya Mwalimu afungue madirisha ni sehemu yake.

Ila miezi 12 ikishatimia, hesabu inabadilika. Damu yoyote inayotokea ukeni baada ya hapo, hata tone moja, hata ikiwa ya rangi ya kahawia, hata ikitokea mara moja na kukoma, inatakiwa kuchunguzwa. Si hedhi iliyorudi, na si dalili ya ujana.

Habari njema ni kwamba mara nyingi chanzo si kibaya. Ngozi ya uke na utando wa ndani ya mji wa mimba huwa nyembamba na kavu baada ya hedhi kukoma, na huweza kutoa damu kwa urahisi. Wakati mwingine ni kinyama kidogo kilichoota ndani, ambacho hutolewa. Wakati mwingine ni utando ulionenepa kupita kiasi, ambao hutibiwa kabla haujageuka kitu kingine.

Lakini wakati mwingine ni saratani. Uchambuzi uliojumlisha tafiti nyingi za nchi mbalimbali, uliochapishwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba kati ya wanawake 100 wanaotokwa damu baada ya ukomo wa hedhi, takriban 9 hukutwa na saratani ya mji wa mimba. Uchambuzi huohuo ulionyesha kwamba takriban wagonjwa 9 kati ya 10 wa saratani hiyo walikuwa wametokwa damu. Maana yake ni kwamba dalili ipo, na kwa wengi inajitokeza mapema, wakati ugonjwa bado unatibika. Kwa Tanzania kuna sababu ya ziada ya kutopuuza: saratani inayoongoza kwa wanawake ni ya shingo ya kizazi, nayo pia huweza kujitokeza kwa damu isiyo ya kawaida, ikiwemo damu baada ya kujamiiana.

Mama Genge hakuyajua yote hayo. Alichojua ni kimoja tu, alichowahi kukisikia kliniki: damu ikishakatika mwaka mzima, ikirudi, nenda.

“Nimvulie nguo kijana kama mwanangu?”

Mtani hakukubali upesi. Alikuwa na sababu zake, na kila mwanamke wa Tanzania anaweza kuzimalizia.

Alisema haumwi popote, kwa nini ajitafutie ugonjwa. Alisema jirani amempa mizizi ya kuchemsha. Alisema nauli ya kwenda na kurudi Tabora ni pesa ya mbolea. Mwisho akasema kile kilichokuwa kinamzuia hasa: “Tabibu wa pale zahanati ni kijana mdogo. Nimvulie nguo kijana kama mwanangu?”

Mwalimu ndiye aliyeirudisha lugha ya utani. “Mtani, umezaa watoto watano. Wewe unadhani wale waliokuzalisha walikuwa wamefumba macho?”

Hata hivyo hofu yake ilikuwa ya kweli, na ina jibu la kweli. Mgonjwa anaweza kuomba ahudumiwe na muuguzi au daktari wa kike. Akikosekana, anaweza kuomba muuguzi wa kike awepo chumbani wakati wa kipimo, au aingie na mtu wake. Kuomba hivyo si ukorofi.

Jumanne iliyofuata Mama Genge alifunga genge. Aliandika kwenye boksi, “Narudi mchana,” akalitundika mlangoni, akaongozana na Mtani hadi zahanati. Walipofika, Mtani alijieleza kwa muuguzi kwa sentensi moja aliyokuwa ameizoea njiani: hedhi ilikatika kabla ya Ramadhani ya mwaka jana, damu imetoka mwezi uliopita na mwezi huu. Sentensi hiyo ilitosha. Muuguzi hakumwambia ni uzee. Alimpima presha, akamwandikia rufaa kwenda hospitali ya mkoa, Kitete.

Kwa tatizo kama hilo, mgonjwa hutarajia hatua hizi: maswali kuhusu tarehe na dawa anazotumia, uchunguzi wa uke na shingo ya kizazi kwa kifaa maalumu, kipimo cha picha cha ultrasound kuangalia unene wa utando wa mji wa mimba, na inapobidi kipande kidogo cha nyama huchukuliwa kupelekwa maabara. Majibu ya maabara hayatoki siku hiyohiyo. Kwa wengi, kungoja huko ndiko kugumu kuliko kipimo chenyewe, na ndiko rafiki anakohitajika zaidi.

Mafungu matatu ya karanga

Anayemenya karanga za mbegu huwa na mafungu matatu. Nzima hutengwa kwa kupandwa. Zilizovunjika huenda jikoni leo. Zenye ukungu hutupwa, hata zikiwa chache, kwa sababu ya sumukuvu. Hakuna anayechanganya yote kwenye gunia moja na kuandika juu yake “karanga tu”.

Malalamiko ya umri nayo yanataka kuchambuliwa hivyohivyo, badala ya kutiwa yote kwenye gunia moja la “uzee tu”.

Fungu la kwanza ni la kucheka nayo. Kusahau jina la mtu kisha likakujia baada ya saa moja, kutafuta simu uliyoishika, magoti kukaza asubuhi na kulegea ukishatembea, joto la ghafla la kipindi cha ukomo wa hedhi. Haya hayamaanishi hatari. Lakini joto likikunyima usingizi usiku baada ya usiku, au goti likivimba na kuwa la moto, hospitali kuna msaada. Kuvumilia si lazima.

Fungu la pili ni la mambo yenye dawa ndogo ambayo watu hubaki nayo miaka. Fundi ni mfano mzuri. Kuanzia miaka 40 hivi, lenzi ya jicho hupoteza unyumbufu wake, na vitu vya karibu huwa na ukungu. Hutokea kwa kila mtu, hata asiyewahi kuugua macho. Dawa yake ni miwani ya kusomea. Nchini Bangladesh, utafiti uliochapishwa mwaka 2024 uliwapa miwani hiyo watu wa miaka 35 hadi 65 wanaofanya kazi za kuangalia karibu, wakiwemo mafundi cherehani. Baada ya miezi 8 kipato chao kilikuwa juu kwa asilimia 33 kuliko cha wenzao ambao hawakupewa. Huenda Fundi amekuwa akipoteza zaidi ya mia ya pipi. Muhimu ni kupimwa kwanza, kwa sababu mtoto wa jicho na presha ya macho havitibiwi kwa miwani ya kununua njiani.

Presha ya damu nayo ipo fungu hili. Inapimwa kwa dakika chache, na dawa zake zipo. Shida ni kwamba mara nyingi haiumi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2021 kwamba karibu nusu ya watu wazima wenye presha ya juu duniani hawajui kama wanayo. Vipimo vikifika 140 kwa 90 au zaidi kwa siku tofauti, hiyo si ya kusubiri iume.

Fungu la tatu ni la kuondoka nayo kwenda hospitali, hata kama mkekani imechekesha:

• Damu ukeni baada ya miezi 12 bila hedhi, au damu baada ya kujamiiana.
• Kuamka mara nyingi usiku kukojoa, pamoja na kiu kali na kukonda bila sababu. Huenda ni kisukari.
• Kwa mwanaume, mkojo unaotoka kwa shida, kwa matone, au wenye damu. Tezi dume hukua umri ukienda, lakini nani ana uvimbe wa kawaida na nani ana saratani haijulikani kwa kukisia.
• Uvimbe kwenye titi, au chuchu iliyoanza kuingia ndani.
• Damu kwenye choo kikubwa.
• Kusahau kwa aina nyingine: kupotea njia ya nyumbani, kurudia swali lilelile mara tano, kushindwa kupika chakula ulichopika miaka 30.
• Mdomo kupinda, mkono kulegea au maneno kuvurugika ghafla. Hii haisubiri Jumanne. Ni dakika hiyohiyo.

Kwa wanaosoma hii mjini

Wazazi wengi wanaosoma ukurasa huu wana mama au baba kijijini. Wanapiga simu Jumapili, wanauliza hali, wanajibiwa, “Tunaendelea, ni uzee tu,” kisha mazungumzo yanahamia ada na mvua. Neno “uzee” hutumiwa na wazazi kuwahurumia watoto wao: hawataki kuwapa gharama.

Wiki hii, jibu hilo likitoka, lisipokelewe lilivyo. Yafuatie maswali matatu mepesi: Lilianza lini? Linaongezeka au limesimama? Kuna damu mahali popote? Kama kumuuliza mama kuhusu hedhi ni kuvuka mpaka wa heshima, mpigie shangazi, mama mdogo, au yule rafiki yake wa mkekani. Kila mama anaye Mama Genge wake. Namba yake inafaa kuwa kwenye simu yako.

Na wewe uliyefika 40 au 50, angalia utani unaoutoa mara kwa mara kuhusu mwili wako mwenyewe. Watu hutania kile kinachowasumbua. Ukijikuta umechekesha wenzako kwa jambo moja mara tatu, jambo hilo linataka kupimwa.

Majibu ya Mtani yalitoka wakati karanga zilizomenywa siku ile zilikuwa zimeshaota na zinapaliliwa. Kilikuwa kinyama kidogo ndani ya mji wa mimba. Kilitolewa, kikapimwa maabara, hakikuwa na saratani. Ameambiwa kwamba ikitokea damu tena, hata kidogo, arudi bila kuhesabu Ramadhani ngapi zimepita.

Alirudi Kigwa na gari la mchana, akawakuta wenzake watatu shambani kwa Fundi. Fundi alikuwa amevaa miwani mipya, amening’iniza mkufu shingoni kama hakimu. Mtani akakunjua karatasi ya hospitali, akaipeperusha hewani.

“Haya, Wanyamwezi,” akasema. “Nyinyi mnazeeka kwa kukisia. Mimi nina cheti.”